Njia Mbili za Mti: Ya Maji na ya Sukari

Mkulima afungaye mbuzi wake chini ya mparachichi huenda akarudi jioni akakuta gome la mti limetafunwa pande zote, likabaki pete nyeupe iliyozunguka shina kama mkufu. Hutazama juu, huona majani ni mabichi kama jana, naye hujipa moyo ya kwamba mti umesalimika. Mwezi hupita, na wa pili hupita. Mvua hunyesha, na mti huchanua hata maua. Kisha, pengine baada ya mwaka mzima, majani hugeuka kuwa manjano, hupukutika, na mti hufa umesimama. Jirani zake husema ni ukame, au ni mchwa, au ni jicho la mtu. Mbuzi amekwisha sahauliwa.

Katika shamba hilo hilo huenda pana nyanya. Shina la nyanya halina jeraha lo lote, wala hapana mdudu aliyeonekana, lakini adhuhuri moja mmea hulegea ungali mbichi, na baada ya siku chache umekufa. Hapa basi pana mimea miwili. Mmoja ulijeruhiwa vibaya ukaishi mwaka. Wa pili haukujeruhiwa hata kidogo nao ukafa katika juma moja. Atakaye kujua sababu yake hana budi kujua kwanza ya kwamba ndani ya mmea mna njia mbili, moja ya maji na moja ya chakula, na ya kwamba kila njia ikikatika ina namna yake ya kuua.

Njia hizo si siri. Mtu akikata tawi bichi la mti wa kawaida, kama mwembe au mkahawa, ataona kwa nje gome gumu, na chini yake gome la ndani lililo laini na lenye unyevu. Chini yake tena pana utando mwembamba sana unaoteleza, na huo ndio unaozaa gome upande wa nje na ubao upande wa ndani, mwaka hata mwaka. Baada ya utando huo ni ubao wenyewe. Maji hupanda katika ubao, khasa ule mpya ulio karibu na utando. Chakula hupita katika gome la ndani. Mabingwa wa elimu ya mimea huiita njia ya maji zailemu, na njia ya chakula floemu, lakini si lazima mkulima ayakariri majina hayo ili ajue kazi zake.

Sasa kisa cha mbuzi kinafahamika. Mbuzi alikula gome, wala hakula ubao. Kwa hiyo alikata njia ya chakula akaiacha njia ya maji. Maji yaliendelea kupanda kutoka mizizini hata majanini, na kwa sababu hiyo majani yalibaki mabichi. Lakini sukari iliyotengenezwa na majani iliposhuka ilifika penye pete ikakuta njia imekwisha. Mizizi ikaanza kula akiba yake iliyokuwa imewekwa ardhini tangu zamani, kama watu walao nafaka ya ghalani baada ya mavuno kukosekana. Akiba ilipokwisha mizizi ikafa, na mizizi ilipokufa hapakuwa tena na wa kupeleka maji juu. Ndipo majani yalipokauka, ingawa jeraha lilikuwa la mwaka uliopita.

Mtaliano mmoja aitwaye Marcello Malpighi aliliona jambo hili katika miaka ya 1670. Alichuna pete za gome katika matawi ya miti, kisha akangoja. Baada ya majuma kadhaa aliona gome limevimba juu ya pete, nalo chini ya pete halikuvimba. Akafikiri, naye alifikiri vema, ya kwamba kuna kitu chenye kulisha kinachotoka juu kwenda chini kwa njia ya gome, na ya kwamba kitu hicho kimezuiliwa kama maji ya mfereji yanavyojaa nyuma ya boma la udongo.

Tuanze na maji. Asiyeamini ya kwamba yana mirija yao na akate kitawi laini chenye maua meupe, akitie katika bilauri ya maji yaliyochanganywa na wino mwekundu, akiweke penye mwanga. Baada ya saa chache akikata shina kwa upana ataona vitone vyekundu vimepangika kwa duara kama shanga, na katika maua ataona mishipa myekundu imeanza kutokeza. Wino umepita katika mirija tu. Mirija yenyewe ni myembamba mno, aghalabu haifiki nusu ya milimita, na la ajabu zaidi ni kwamba ni mifu. Zamani kila sehemu yake ilikuwa seli, yaani kijumba kidogo chenye uhai. Seli zikajipanga moja juu ya nyingine, zikajenga kuta imara, kisha zikafa na kuacha kuta zake ziwe bomba. Mti huishi kwa mabomba yaliyojengwa na wafu wake.

Maji huingia kwa mizizi, lakini si kwa mizizi minene ionekanayo mtu achimbapo shimo. Huingia kwa vinyweleo vilivyo karibu na ncha za mizizi midogo, navyo ni vyembamba kama uzi wa buibui. Kuingia kwake ni kwa tabia moja ya maji ambayo kila mpishi ameiona. Mpishi akikata vitunguu vya kachumbari na kuvinyunyizia chumvi, baada ya dakika chache hukuta maji yamejaa bakulini, ijapokuwa hakutia maji. Maji yaliyokuwa ndani ya kitunguu yamefuata chumvi. Hivyo ndivyo maji yapendavyo kwenda: hupenya utando mwembamba kuelekea upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi. Ndani ya kinyweleo mna chumvi nyingi kuliko katika maji ya udongo, basi maji huingia. Lakini mkulima akimwaga konzi nzima ya mbolea ya chumvichumvi juu ya shina la mche, mambo hugeuka: udongo huwa na chumvi kuliko mzizi, na maji hutoka mzizini kurudi udongoni. Watu husema mbolea imeunguza mche. Haikuunguza, imeukausha.

Upande wa juu maji hutoka kwa majani. Kila jani lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na aghalabu vingi viko upande wa chini. Vitundu hivyo hufunguka mchana ili jani livute hewa ya kutengenezea sukari, navyo vikifunguka mvuke wa maji hutoka. Mtu akiingiza kitawi chenye majani, kingali mtini, katika chupa nyeupe iliyo kavu, akaziba mdomo wa chupa kwa kitambaa na kuiacha juani, haitapita saa kabla ya kuona umande ndani ya kioo. Mchungaji mmoja Mwingereza, Stephen Hales, aliyekaa Teddington karibu na London, alipima jambo hili kwa mizani. Alichukua mche wa alizeti uliopandwa katika chungu, akafunika udongo ili usitoe mvuke, akaupima uzito asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1727 alionyesha ya kwamba mmea ule mmoja, wenye kimo kama cha mtoto, ulitoa kwa siku yapata aunsi 20 za maji, ndiyo zaidi ya nusu kilo. Katika kila sehemu 100 za maji ambazo mmea huvuta, sehemu 97 au zaidi huenda zikatoka hewani namna hii, na chache tu hubaki mwilini mwake. Wako wanaosema ni upotevu. Lakini bila kufungua vitundu jani halipati hewa, na bila hewa hapana sukari.

Swali gumu ni hili: maji hupandaje? Mafundi wa visima wajua ya kwamba bomba la kuvuta haliwezi kuyainua maji kupita mita 10, hata likitengenezwa kwa ustadi gani, kwa maana kinachoyasukuma maji juu ya bomba ni uzito wa hewa, na uzito wa hewa unaishia hapo. Lakini juu ya mlima Kilimanjaro, katika mabonde ya msituni, mna mti wa jamii ya mkangazi na mwarobaini uliopimwa na kutangazwa mwaka 2016 kuwa na kimo cha mita 81 na nusu, nao una majani mabichi kileleni. Huko California, Marekani, iko miti inayopita mita 110. Maji yamefika huko bila pampu yo yote, wala hapana moyo ndani ya mti.

Wengine walidhani ubao wenyewe una uhai unaoyasukuma maji. Karibu na mwaka 1890 Mjerumani Eduard Strasburger, aliyekuwa akifundisha Bonn, aliijaribu fikira hiyo kwa njia ya ukali kidogo. Alikata miti mirefu karibu na ardhi, mmoja wao wenye kimo cha mita zaidi ya 20, akaisimamisha shina zake katika dawa zenye sumu. Sumu ilipanda ikiua kila seli hai iliyoipitia, na bado ilizidi kupanda. Ilikoma tu ilipofika majanini na kuyaua majani. Basi ikathibitika ya kwamba anayeyainua maji si ubao. Ni jani.

Mwaka 1894 wataalamu wawili wa Dublin, Henry Dixon na John Joly, walieleza jinsi jani lifanyavyo. Maji yana tabia ya kushikana. Tone linaloning'inia ncha ya paa halianguki mara moja, maana maji yake yameshikana yenyewe kwa yenyewe. Katika mrija mwembamba usio na hewa kushikana huko huwa na nguvu kubwa mno, hata maji yote, kutoka mzizi hata jani, huwa kama kamba moja. Jua likikausha maji kidogo katika kuta za ndani za jani, kuta hizo huvuta mengine mahali pake, na kamba nzima husogea juu. Kwa hiyo bomba la kisima na mti hutofautiana kabisa: katika bomba maji husukumwa kutoka chini, katika mti huvutwa kutoka juu. Gharama ya kazi hii hailipwi na mti. Hulipwa na jua.

Watu wengi hawakukubali. Walisema kamba ya maji itakatika. Basi mwaka 1965 Per Scholander na wenzake, huko Marekani, walichapisha habari za chombo cha chuma walichotumia kupima mvuto huo. Kitawi kilichokatwa sasa hivi huwekwa ndani ya chombo, sehemu iliyokatwa ikitokeza nje. Kisha hewa hushindiliwa ndani hata maji yaonekane tena penye mkato. Nguvu ya hewa iliyotakiwa kuyarudisha maji ndiyo nguvu iliyokuwa ikiyavuta. Ili kupata vitawi vya kilele cha miti mirefu, waliviangusha kwa bunduki. Walipima pia mikoko, nao mkoko una taabu kuliko miti yote, maana umesimama katika maji ya bahari, na ili kupata maji matamu kutoka bahari yatakiwa mvuto wa mara 25 ya uzito wa hewa au karibu na hapo. Walikuta mvuto unaopita mara 30. Apitaye Lamu, Mida au Gazi akaona mikoko imestawi katika chumvi, anatazama mashine ya kuchuja maji ambayo haitumii mafuta wala umeme.

Hata hivyo wale waliosema kamba itakatika hawakukosa kabisa. Hukatika. Ukame ukizidi, hewa hupenya mrija, na maji yaliyonyoshwa huachana kwa ghafula. Mwaka 1966 wataalamu wawili, Milburn na Johnson, waliweka chombo cha kusikilizia katika vikonyo vya majani ya mbarika yanayonyauka, wakasikia milio midogo, mmoja baada ya mwingine. Kila mlio ulikuwa kamba moja ya maji iliyokatika. Mrija ulioingiwa na hewa hauvuti tena mpaka ujazwe upya, na mara nyingi haujazwi. Mti huvumilia kwa kuwa una mirija maelfu, na kila mwaka hujenga mingine.

Kwa ajili hiyo wakata maua wa Naivasha na kwingineko huyatia maua majini mara yakatwapo, na mwenye nyumba aliyeletewa maua anafanya vema kukata tena kipande cha shina ndani ya maji, ili ile sehemu iliyokwisha vuta hewa iondoke. Kwa ajili hiyo pia miche huatikwa jioni au siku ya mawingu. Mche ung'olewapo kitaluni vinyweleo vingi hukatika na kubaki katika udongo, na majani hayapungui. Wanywaji ni wachache na watoaji ni wengi. Akipunguza majani kidogo na kuweka kivuli kwa siku tatu nne, mkulima hampendezi mche kwa kumdekeza, bali humsawazishia hesabu.

Ile nyanya iliyonyauka mchana, basi, iliuawa kwa njia ya maji. Kuna ugonjwa wa bakteria unaokaa udongoni, nao hushika nyanya, viazi ulaya, bilingani na pilipili. Vijidudu huingia kwa majeraha madogo ya mizizi, huzaana ndani ya mirija ya maji, na kuiziba kwa ute wao. Hapana haja ya darubini kuutambua. Mkulima na akate kipande cha shina karibu na ardhi, akininginize kwa uzi katika bilauri ya maji safi yaliyotulia, bila kukitikisa. Baada ya dakika chache, ikiwa ni ugonjwa huo, nyuzi nyeupe kama za maziwa zitashuka polepole kutoka penye mkato. Hapana dawa ya kuuponya mmea uliokwisha shikwa. Hung'olewa na mizizi yake, hupelekwa mbali na shamba, na mahali pale hapapandwi nyanya wala viazi kwa misimu kadhaa; mahindi hayadhuriki.

Njia ya pili, ya sukari, ni ngumu zaidi kuichungua, kwa maana mirija yake ni hai, nayo ni myoga. Ikiguswa kwa kisu hujiziba mara moja. Aliyewasaidia wataalamu ni mdudu: kidukari, yule mdogo wa kijani au mweusi anayejaa chini ya majani ya sukuma wiki na kunde. Kidukari ana mdomo kama sindano, mwembamba kuliko unywele, naye huuingiza sawasawa katika mrija mmoja wa sukari bila mmea kushtuka. Hana haja ya kunyonya. Sukari humsukumiwa mdomoni, naye hupata kupita kiasi, hata hutoa nyuma yake matone matamu ambayo sisimizi huyafuata. Mwaka 1953 huko Uingereza Kennedy na Mittler walieleza hila yao: walimkata kidukari aliyekuwa akila, wakauacha mdomo wake katika mmea. Maji ya sukari yakaendelea kutoka kwa kile kipande cha sindano kwa saa nyingi. Katika mimea mingi sukari ya maji hayo ni sehemu 10 hata 25 kati ya 100, chai ambayo watu wengi wangeiona tamu mno.

Kwamba sukari husukumwa, wala haivutwi kama maji, kulikuwa kumekwisha elezwa na Ernst Münch, Mjerumani wa elimu ya misitu, katika kitabu chake cha mwaka 1930. Jani hupakia sukari katika mirija ya gome. Sukari ikijaa, maji ya ubao ulio jirani huifuata, kwa tabia ile ile ya kachumbari. Mrija hushiba, hukazana, na mkazo wake huenda ukawa mara 5 ya ule wa tairi la motokaa. Upande wa pili, mzizini au katika tunda, sukari hupakuliwa. Maji nayo hutoka, na mkazo hupungua. Kati ya penye mkazo mwingi na penye mkazo mchache, maji matamu hutiririka, kwa mwendo wa nusu mita au mita moja kwa saa, wakati ambapo maji ya ubaoni katika miti mingine hupita mita nyingi kwa saa hiyo hiyo.

Wagema wa pwani wameutumia mkazo huu tangu kabla ya Münch kuzaliwa. Mgema hupanda mnazi, hukata ncha ya karara changa ambalo maua yake hayajafunguka, na kutega kitoma chini yake. Tembo tamu linalodondoka si kitu kingine ila chakula cha mnazi kilichokuwa njiani kwenda kufanya nazi. Naye hupanda tena asubuhi na jioni, kwa kotama iliyonolewa, aparuze kipande chembamba kama karatasi, maana mirija imejiziba na hapana budi ifunguliwe upya. Akikosa siku mbili, karara hukauka. Tena mgema hukata ngazi katika shina la mnazi, mkato juu ya mkato toka chini hata juu, na mnazi haufi. Sababu ni kwamba mnazi hauna gome kama la mwembe. Njia zake za maji na za sukari zimefungwa pamoja katika nyuzi maelfu zilizotawanyika shina zima, mfano wa nyuzi zionekanazo katika muwa uliovunjwa, na mkato wa ngazi hugusa chache tu. Muhindi na muwa ni wa namna hiyo hiyo.

Njia ya sukari haina juu wala chini. Huenda popote penye haja. Kiazi kinapokua ardhini, sukari hushuka kwake. Kiazi hicho hicho kikichipua ghalani, sukari hutoka ndani yake kupanda kwenye chipukizi, na ndiyo maana hunywea na kukunjamana. Kwa hiyo achumaye matembele kila siku katika tuta lile lile asistaajabu kuvuna viazi vitamu vyembamba kama vidole, kwa maana amekula karakana kabla haijatoa mali yake. Achanae majani ya mahindi yaliyo juu ya gunzi ili alishe ng'ombe, na punje bado ni za maziwa, anampa ng'ombe sehemu ya mavuno. Zikishakomaa na kukauka, hapana hasara tena.

Katika kahawa hesabu hii huua. Mkahawa hauna kiasi. Ukipewa mvua nzuri ya maua utazaa matunda kuliko nguvu za majani yake. Matunda huvuta sukari kwa pupa kuliko sehemu nyingine zote, basi hula ya mizizi na ya machipukizi. Ncha za matawi hukauka, majani hupukutika, na matunda yenyewe hubaki mepesi. Mwaka ufuatao mti huo hauna matawi ya kuzalia. Wengi wameona hivyo wakashuku ugonjwa na kununua dawa, kumbe kilichokosekana ni kupogoa kwa wakati, ili matunda yalingane na majani.

Gome, basi, si nguo ya mti tu, na wachunao magome kwa dawa wafaa walijue jambo hili kuliko wote. Katika misitu ya milimani ya Kenya mna mti uitwao muiri kwa Kikuyu na tendwet kwa Kinandi. Gome lake limetumiwa na wazee tangu kale, na tangu miaka ya 1970 limenunuliwa pia Ulaya kwa dawa ya tezi dume linalowavimba wanaume wazee. Likachunwa Kenya, Kameruni, Madagaska na kwingine, na miti mingi ikachunwa pande zote, kutoka chini hata matawini, ikafa kama mparachichi wa mbuzi. Mwaka 1995 mti huo uliingizwa katika mkataba wa mataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Kanuni iliyofundishwa Kameruni ni kuchuna pande mbili zinazoelekeana na kuacha pande mbili, na kuuacha ule utando unaoteleza usikwaruzwe, ili gome jipya liote. Mbuyu waweza kusamehe zaidi; Wakamba wamechukua nyuzi za gome lake kwa kusukia vyondo, ndovu nao huuchuna bila adabu, nao hurudisha gome. Miti mingi haina neema hiyo.

Mti wa matunda uliotafunwa pande zote nao waweza kuokolewa, mwenyewe akiwahi kabla akiba ya mizizi haijaisha. Kingo za gome zilizochanika hukatwa kwa kisu kikali hata zifike penye gome zima. Vijiti vyenye unene wa kalamu ya risasi hukatwa katika mti huo huo, virefu kuliko jeraha kidogo, na ncha zake mbili huchongwa kama kabari. Gome hupasuliwa chini na juu ya jeraha, na kila kijiti huingizwa ncha moja chini ya gome la chini na ncha moja chini ya gome la juu, kikielekea kama kilivyokuwa kikiota, kikipinduliwa hakitastawi. Hupigiliwa msumari mdogo kila ncha, na mahali pote pa kuungana hupakwa nta ili pasikauke. Shina la kadiri hutaka vijiti vitatu au vinne. Kazi hii hufanywa wakati wa mvua, gome linapobanduka kwa urahisi, na mbuzi hufungwa kwingine.